Nina F ya Hisabati na nimeitwa usaili wa mchujo: nijiandae vipi?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 26, nina shahada ya Maendeleo ya Jamii, naishi Singida. Nimeitwa usaili wa mchujo wa Sekretarieti ya Ajira na zimebaki wiki tano. Hii ni mara ya tatu. Mara mbili zilizopita sikupita. Kwenye mtihani wa aptitude, yaani wa kupima uwezo, maswali ya maneno nayaweza, lakini nikifika kwenye namba kichwa kinakuwa cheupe. Kidato cha nne nilipata F ya Hisabati, na tangu hapo sijazigusa. Je, nianze kusoma upya Hisabati za sekondari, au nikubali tu kwamba hizi kazi ni za watu wa hesabu? Na nikiulizwa kuhusu hiyo F nijibu nini?

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Nianze na swali lako la katikati, maana usipopata jibu lake mapema litakumaliza hizo wiki tano. Hapana, usirudi kwenye Hisabati za sekondari. Ukifungua leo vitabu vya sekondari ukaanza kuhangaika na logi, matriksi na trigonometria, utafika siku ya usaili umechoka na umejaa hofu ileile uliyotoka nayo shuleni, kwa mambo ambayo ni nadra mno kuyakuta kwenye mtihani wa kupima uwezo.

Kinachokuja pale ni asilimia, uwiano, wastani, sehemu, mwendo na muda, kusoma jedwali au grafu, na mfululizo wa namba unaokutaka useme namba inayofuata. Hizo ni hesabu za darasa la tano hadi la saba. Ugumu wake hauko kwenye hesabu yenyewe. Uko kwenye saa inayokimbia, kwenye lugha ya swali, na kwenye majibu manne yaliyopangwa kwa makusudi, matatu yakiwa ni makosa ambayo mtahini alijua utayafanya. Mambo hayo matatu yote yanazoeleka, na wiki tano zinatosha.

Kuhusu F yako, tazama utakaokaa nao chumba kimoja. Mwaka 2022, katika watahiniwa 100 wa kidato cha nne waliofanya Hisabati, waliofaulu walikuwa takriban 20. Mwaka 2023 wakawa kama 25. Huenda wengi watakaokaa mbele yako na nyuma yako siku hiyo walitoka kidato cha nne na cheti kama chako. Nasema hivi kwa sababu mchujo ni kushindana na waliopo. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato, TRA, ilitangaza nafasi 1,596 na waombaji wakapita laki moja. Na wengi tunaikumbuka ile picha ya Juni 2014, Uwanja wa Taifa umejaa vijana kwa ajili ya nafasi 70 za Uhamiaji. Umati wa namna hiyo haukai mbele ya jopo mtu mmoja mmoja, lazima kwanza uchujwe kwa karatasi au kompyuta. Kwa hiyo lengo lako si kupata yote. Lengo ni kutodondosha yale rahisi ambayo wenzako watayadondosha kwa papara.

Sasa nikuambie nilichokiona kwa macho yangu, kwa sababu nadhani kinakuhusu. Miaka kadhaa iliyopita nilimfundisha mama mmoja aliyekuwa anajiandaa kama wewe. Alikuwa mweka hazina wa kikoba chao, na aliniambia siku ya kwanza kabisa kwamba hesabu na yeye ni mbingu na ardhi. Nikamuuliza tu, kama mazungumzo, "Mwanachama akikopa laki tatu na nusu kwa riba ya asilimia kumi, anarudisha ngapi?" Akajibu laki tatu themanini na tano kabla sijafunga mdomo. Nikachukua karatasi nikaandika swali lilelile kwa Kiingereza cha mtihani: shehena ya tani 350 imeongezeka kwa 10%, sasa ni tani ngapi? Akashika kalamu, akaitazama karatasi, akaanza kuandika 10 juu ya 100 mara 350, akakosea kufuta masifuri, akaweka kalamu chini. Nikamwambia, "Mama, hiyo ni laki tatu na nusu ya kikoba." Akanitazama, kisha akaandika 385.

Uwezo alikuwa nao muda wote. Uliokuwa unamkimbia ni sura ya swali. Tangu siku hiyo kila ninayemfundisha namwambia: ukiona tani, kilomita, wanafunzi au lita, ziwaze kama hela. Mtu aliyekulia sokoni, dukani au kwenye vikoba ana akili ya asilimia na uwiano tayari, ila hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hiyo ndiyo Hisabati.

Chombo chako cha kwanza na cha maana kuliko vyote ni asilimia kumi. Kupata asilimia kumi ya namba yoyote unasogeza nukta hatua moja, basi. Ukishaipata hiyo, zilizobaki unazijenga juu yake. Asilimia 35 ya 480,000? Kumi ni 48,000. Thelathini ni mara tatu yake, 144,000. Tano ni nusu ya kumi, 24,000. Jumla 168,000. Hakuna kanuni ya kukumbuka, hakuna kuzidisha namba ndefu. Fanya za namna hii kumi kila siku kwa wiki nzima, kwa mdomo, ukipika au ukisubiri daladala, na utashangaa mkono unavyokuwa mwepesi.

Pamoja na hiyo, zikariri sehemu chache na asilimia zake: nusu ni 50, robo ni 25, moja ya tano ni 20, moja ya nane ni 12.5, moja ya tatu ni 33 na kidogo. Na jedwali la kuzidisha hadi 12. Najua linaonekana la kitoto, lakini mtu anayesita kwenye saba mara nane anapoteza sekunde kumi kila swali, na kwenye maswali thelathini hizo ni dakika tano.

Kisha kuna mtego mmoja ambao nautaja peke yake kwa sababu ndio unaowaangusha wengi zaidi: asilimia ya ongezeko na ya upungufu. Jedwali linaonyesha shule iliandikisha wanafunzi 640 mwaka wa kwanza na 800 mwaka uliofuata. Ongezeko ni asilimia ngapi? Tofauti ni 160. Swali ni 160 kati ya ngapi? Wengi wanagawa kwa 800, wanapata 20, wanaikuta 20 kwenye majibu na wanaichagua kwa furaha. Jibu ni 25, kwa sababu unapima kutoka pale ulipoanzia, yaani 640. Jiulize kila mara, "Nilianza na ngapi?" na hiyo ndiyo unayogawia. Halafu geuza: wale 800 wakipungua kwa asilimia 25, je, tunarudi kwenye 640? Haturudi. Robo ya 800 ni 200, wanabaki 600. Fanya mfano huu kwa mkono wako hadi usikushangaze tena. Mtahini anaupenda.

Mtego wa jamaa yake ni wastani wa mwendo. Gari limekwenda kwa kilomita 60 kwa saa na kurudi njia ileile kwa kilomita 40 kwa saa, wastani ni ngapi? Mdomo unasema 50. Chukua njia ya kilomita 120: kwenda saa mbili, kurudi saa tatu, jumla kilomita 240 kwa saa tano, ambayo ni 48. Gari limetumia muda mrefu zaidi kwenye mwendo mdogo, ndiyo maana wastani umeshuka.

Uwiano ni kugawana mafungu. Fedha 720,000 zigawanywe kwa 2:3:4, mafungu ni tisa, kila fungu 80,000, basi ni 160,000, 240,000 na 320,000. Kazi na vibarua vivyo hivyo: watu 6 wanamaliza shamba kwa siku 10, maana yake shamba lina siku 60 za mtu mmoja, kwa hiyo watu 4 watatumia siku 15. Mfululizo wa namba unaanza kwa kuandika tofauti kati ya namba na namba. Ukiona 3, 7, 15, 31, tofauti ni 4, 8, 16, zinajizidisha mara mbili, basi inayofuata ni 63. Tofauti zisipokuambia kitu, jaribu kuzidisha, kisha jaribu kuruka namba moja moja. Ikishindikana kwa nusu dakika, achana nalo.

Kuna jambo la saa ambalo sisi wa Kiswahili hutusumbua. Kwenye mtihani kikao kinaanza 10:30 na kuisha 14:15. Kichwa kinataka kwanza kutafsiri iwe saa nne na nusu hadi saa nane na robo, halafu kihesabu, na katikati ya kutafsiri mtu anapotea. Usitafsiri, maana muda uliopita ni uleule kwa saa zetu na kwa zao. Panda kwa hatua: 10:30 hadi 11:00 ni nusu saa, hadi 14:00 ni saa tatu zaidi, na robo juu yake, jumla saa tatu na dakika 45. Ukitoa kama namba za kawaida utapata 3.85, na usishangae kuliona jibu linalofanana na hilo limekaa hapo linakusubiri.

Hapa niseme juu ya lugha, kwa sababu naamini mara mbili zilizopita imekuangusha kuliko namba. Mitihani mingi ya kada za shahada huja kwa Kiingereza. Kosa la kusoma "imeongezeka kwa 20" kama "imeongezeka hadi 20" haliponi kwa hesabu nzuri. Maneno yenye maana ya "si chini ya", "yasiyozidi", "kwa mwaka" na "kila kimoja kwa mpangilio wake" yaandike kwenye daftari, kwa Kiingereza upande mmoja na kwa Kiswahili chako upande wa pili, na usome ukurasa huo kila asubuhi. Na unapokutana na jedwali, kabla ya swali soma kichwa chake na vipimo vyake. Jedwali likisema "kwa maelfu", 45 iliyoandikwa pale ni 45,000. Nimeona watu wazuri kabisa wakikosa maswali manne mfululizo ya jedwali moja kwa kutosoma neno hilo lililoandikwa kwa herufi ndogo pembeni.

Usihesabu kila kitu hadi mwisho. Tazama majibu kwanza. Swali linataka 19.8% ya 4,985, na majibu ni 887, 987, 1,087 na 1,187. Asilimia 20 ya 5,000 ni 1,000. Zote mbili umezipandisha kidogo, kwa hiyo jibu liko chini kidogo ya 1,000: 987. Sekunde tano. Majibu yakiwa yanakaribiana sana ndipo unapohesabu kwa ukamilifu. Kama kikokotoo kinaruhusiwa, maelekezo ya mtihani yatasema. Wewe jiandae kana kwamba hakuna.

Sasa mpangilio wa kujibu. Wewe una nguvu kwenye maneno, basi usianze na namba kama mtihani unakuruhusu kuruka. Vuna kwanza kilicho chako. Ila kwenye maswali ya kusoma kifungu na kusema kauli ni kweli, si kweli, au haijulikani, tumia kilichoandikwa pale tu. Kifungu kikisema mazao ya wilaya fulani yamepungua, na wewe unajua ni kwa sababu ya ukame, lakini ukame haukutajwa, jibu ni "haijulikani". Watu wa fani yako, wanaoijua jamii vizuri, ndio wanaonasa hapa.

Kwenye namba, pita mara mbili. Mzunguko wa kwanza fanya yale ambayo ukiyasoma tu unaiona njia. Usipoiona njia ndani ya sekunde ishirini, weka alama, songa. Mzunguko wa pili rudi kwa yaliyobaki. Kile kichwa cheupe unachokisema mara nyingi huanzia kwenye swali moja gumu ambalo mtu amelikalia dakika nne, akashindwa, akabeba kushindwa huko hadi kwenye maswali saba yaliyofuata ambayo angeyaweza. Na kama maelekezo hayasemi kwamba jibu la makosa linakata alama, usiache swali tupu hata moja.

Kwa wiki tano, mimi ningefanya hivi. Wiki mbili za kwanza bila saa kabisa: asilimia, sehemu, uwiano na wastani, dakika 50 asubuhi na 20 jioni. Tumia vitabu vya Hisabati vya darasa la tano hadi la saba. Taasisi ya Elimu Tanzania inavyo kwenye maktaba yake ya mtandaoni, na kuvisoma ni bure. Usione aibu. Wiki ya tatu majedwali na grafu, na hapo hamia kwenye maswali ya Kiingereza. Wiki ya nne ndipo saa inaingia: maswali 20 kwa dakika 25, kisha kwa 20. Wiki ya tano fanya majaribio kamili matatu au manne, na siku mbili za mwisho usijifunze kitu kipya.

Kuanzia siku ya kwanza uwe na daftari la makosa. Kila unapokosa, andika swali na mbele yake moja ya sababu tatu: sikujua njia, sikusoma vizuri, niliharakisha. Baada ya siku kumi hesabu. Nimeshafanya hivi na watu wengi, na kwa wengi "sikusoma vizuri" ndiyo inayoongoza, wakati wao wenyewe walikuwa wanaapa kwamba tatizo ni kutojua. Daftari lako likisema hivyo, dawa si kufanya hesabu zaidi. Dawa ni kusoma swali mara mbili na kupigia mstari kile kinachoulizwa.

Na kwa kuwa siku hizi mchujo wa Sekretarieti hufanyika pia kwa kompyuta, usijifunzie kwenye simu tu. Nenda steshenari au maktaba ya chuo kilicho karibu angalau mara tatu, ukae mbele ya kompyuta yenye kipanya, usome jedwali kwenye kioo huku ukikokotoa kwenye karatasi pembeni. Kuhamisha macho kati ya kioo na karatasi ni kazi yake yenyewe, na namba nyingi hunakiliwa vibaya hapo.

Usisahau kwamba mchujo unaweza kuwa na maswali ya kada yako na ya utumishi kwa ujumla. Rudi kwenye tangazo, soma majukumu ya Afisa Maendeleo ya Jamii yaliyoorodheshwa, maana yale ndiyo muhtasari wako. Wiki hizi soma tangazo la kuitwa kwenye usaili hadi mstari wa mwisho: kitambulisho kinachotakiwa, vyeti halisi, kituo chako, na kwamba nauli na malazi ni juu yako. Akaunti yako ya Ajira Portal, ile tovuti uliyoombea kazi, ifungue mapema kuona namba yako ya usaili. Kuna makundi ya WhatsApp na Telegram yatakayokuuzia "mtihani wenyewe" kwa elfu kumi au ishirini. Ni matapeli. Hiyo hela ni nauli yako.

Sasa hiyo F. Wamekuita baada ya kupitia vyeti vyako dhidi ya masharti ya tangazo, kwa hiyo haikuwa kikwazo kwa kada hii. Ukifika mahojiano na jopo likauliza, sema kweli kwa sentensi mbili: kwamba hukufanya vizuri Hisabati kidato cha nne, na kwamba umejifunza upya zile unazozihitaji kazini, kama kuandaa bajeti ya kikundi, kusoma takwimu za kaya na kukokotoa marejesho ya mikopo. Kisha toa mfano mmoja wa kweli uliowahi kuufanya. Jopo la maendeleo ya jamii litakuelewa, kwa sababu afisa wa kata hukutana na hesabu hizo kila wiki, na anayekosea marejesho ya kikundi cha kina mama anawakosesha mkopo unaofuata.

Usiku huu, kabla hujalala, fanya hili moja bila kikokotoo. Kikoba kina wanachama 24. Januari waliweka jumla ya shilingi 1,440,000, kila mmoja kiasi sawa. Februari wanne hawakuweka kabisa, na kila mmoja wa waliobaki akaweka asilimia 14 zaidi ya alichoweka Januari. Jumla ya Februari imepungua kwa asilimia ngapi ukilinganisha na Januari? Ukipata 5, andika pembeni umetumia dakika ngapi. Ukipata namba nyingine, andika ulichogawia, unitumie.